Herufi ya Mwisho

Madaftari kumi na moja juu ya meza ya jikoni.
Birika limekwisha kuimba, mvua ya Hull inakwaruza kioo,
nami Enid Garbutt, mwalimu wa jioni za Jumanne
ghorofani juu ya maktaba, nimeshika kalamu nyekundu.

Niliwapa semi za Kiingereza,
zile zinazoingia midomoni bila kubisha hodi,
nikasema: tungeni sentensi, kila usemi ukae mahali pake.

Wameukalisha. Wapi, ndilo swali.

Rebwar, kinyozi, alipata "kwa mkono mwingine,"
ambao sisi huutumia tukigeuza hoja.
Ameandika: Mkono huu bosi wangu amevaa pete tatu.
Kwa mkono mwingine hana kitu, ndio wa kulipia mishahara.
Nimetafuta kosa la sarufi. Halipo.

Nhàn alipata "kipande cha keki,"
maana yake jambo jepesi, kama kumsukuma mlevi.
Nhàn hufunga keki kiwandani, zamu ya usiku.
Saa kumi na mbili nasimama, kipande cha keki, kipande cha keki,
kipande cha keki. Mgongo unauma. Si kipande cha keki.

Na Zoltán: Namwona binti yangu kila mwezi wa buluu.
Nikakata "kila," nikaandika juu yake "mara moja kwa."
Sentensi ikanyooka.
Binti hakusogea karibu hata hatua moja.

Chai imepoa. Daftari la Danutė ni la mwisho,
jalada lina harufu ya samaki na sabuni ya kuondolea samaki.
Zoezi la pili: barua fupi ya rambirambi
kwa mtu unayemjua. Kanichagua mimi.

Mpendwa Enid pole kwa

na hapo, katika neno la kufungia, kakosea.
Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kama pacha,
yameachana kwenye herufi ya mwisho tu.
Lenye S ni upotevu, ndilo la barua hizi,
nomino tulivu, iliyofuliwa na kupigwa pasi.
Lenye T ni cha kupotea: funguo, mbwa,
mtoto aliyeachia mkono wa mama dukani.
Danutė ameweka T.
Pole kwa aliyepotea wako.

Kaka yangu Alwyn alitoka alfajiri ya Februari, miaka minne sasa,
ndara miguuni, koti la mvua juu ya pajama,
kichwa kimeshaanza kusahau majina ya vyumba.
Wapiga mbizi waliingia mferejini,
wakapandisha baiskeli mbili na toroli la sokoni.
Kaburi hakuna. Mswaki wake upo.

Kadi zilikuja ishirini na kitu, zenye mayungiyungi,
kutoka kwa watu wa Kiingereza safi.
Wote waliandika S.
Hakuna aliyekosea.

Kalamu ilikaa hewani mpaka wino ukadondoka
ukaacha doa pembeni, kama nimesahihisha kitu.
Nikaweka mkato baada ya jina langu, uliosahaulika.
Kwingine sikugusa.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Jumanne niliandika ubaoni
sentensi iliyo sahihi, kwa chaki, kwa herufi kubwa,
nikapigia S mstari mara mbili,
wakanakili wote, vichwa chini, kalamu zikikwangua.

Danutė akainua mkono wenye plasta kidoleni.
"Na kwako?" akauliza. "Kwako pia ni S?"

Redieta iligonga mara mbili. Rebwar aliacha kuandika.

"Kwangu," nikasema, "bado ni T."

Akatikisa kichwa kukubali, akafungua nyuma ya daftari,
kwenye orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni,
na chini ya cha mwisho akaandika taratibu:
Enid, T.